Naomba ushauri: boila ya kiwanda na biashara ya kaboni

Wakuu, nasimamia mitambo kwenye kiwanda kidogo cha chai huku Mufindi. Boila yetu ya zamani inakula kuni za mikaratusi balaa, na mabomba ya mvuke yako wazi tu. Kaja dalali: tukibadilisha, kila tani 1 ya hewa ukaa tutakayopunguza ni hati 1 ya kaboni ya kuuza. Yeye anataka nusu ya mapato kwa miaka 10!

Nijuavyo, hati hutoka baada ya mkaguzi kuhakiki, ila muuza boila anataka hela leo. Ya kuanzia inatoka wapi? Halafu bosi alishaagiza boila mpya. Si tutaambiwa tungenunua hata bila hela ya kaboni, hivyo hatustahili hati? Nianzie kituo cha kaboni pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro, au tuungane kwanza na viwanda jirani?