UKOO WA KOMBA (TAARIFA TU)

Anti Rose 19:02
Jamani narudia mara ya tatu, suala la Neema kwenda Makerere kusoma Kijerumani, kikao Jumamosi saa nane kwa Bibi Tandika, mchango laki kila kaya. Naona tiki za bluu kibao, majibu mawili, moja ni picha ya maua

Anko Deo 19:31
Kijerumani tena?? Si alisema sheria

Neema 19:33
Shikamoo anko. Nimeshafika B1, ngazi ya kati, pale kituo cha Kijerumani cha Goethe, na Makerere wanafundisha, lugha na fasihi yao

Baba Junior 19:40
Si aende Ujerumani kabisa, nasikia chuo bure

Neema 19:44
Vyuo vingi vya serikali ada hakuna baba mdogo, ila kwa viza wanataka uonyeshe una euro 11,904 za kula mwaka mmoja

Baba Junior 19:45
Kampala pazuri sana 😂

Junior 19:46
Eti kijiko dume, uma jike, kisu hakina jinsia. der Löffel die Gabel das Messer 🤣🤣

Anti Rose 19:47
Junior toka. Tuko kwenye MCHANGO

Anko Deo 19:52
Hela ya bati za Bibi kwanza

Junior 19:52
Hela yenyewe neno lao hilo, Heller

Anti Rose 19:55
Deo usinianze, risiti nilituma humu humu

Anko Deo 19:58
Risiti bati ishirini, juu ya nyumba ziko kumi na tano, nimezihesabu mwenyewe mvua inanyesha nimeshika ndoo

Bibi 20:10
🎤 1:48

Baba Junior 20:13
Simu yangu haifungui, anasemaje

Mama Neema 20:21
Anasema babu yake alinyongwa Songea 1906, vita ya Maji Maji, baba yake akiwa mdogo. Walioandika habari zile ni wao, kwa Kijerumani, na humu ndani hakuna wa kuzisoma. Mwacheni mtoto asome. Bati zisubiri, ndoo anayo

Neema 21:37
Bibi faili zao nyingine ziko hapa hapa Dar, Nyaraka za Taifa, ila mwandiko wa kizamani, mwalimu wetu mwenyewe alikwama mstari wa tatu

Anko Deo 21:50
Natuma hamsini, nyingine mwisho wa mwezi

Anti Rose 21:50
Tuma kwangu

Anko Deo 21:51
Kwa Mama Neema

Da Sikitu 23:14
Ndo naona saa hizi nilikuwa shifti. Kikao Jumapili eeh?

Anti Rose 23:15
JUMAMOSI

Da Sikitu 23:16
Jumamosi nina harusi Kibaha