Mrejesho: Distance imenifaa kwa digidigi, MARK nimeiacha

Wakuu, salaam. Niliuliza nitumie programu gani ya kompyuta, Distance (inayotumia umbali wa mnyama kutoka kwenye mstari) au MARK, kukadiria idadi ya digidigi niliowahesabu kwa kutembea mistari porini. Mliosema Distance mlikuwa sahihi: MARK inataka mnyama mmoja mmoja atambulike akionekana tena, na digidigi wangu hawana alama yoyote.

Distance ni ya bure, ya Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti. Nimeishia kutumia ile ya ndani ya R (programu ya takwimu). Kilichonitesa ni data zangu mwenyewe. Grafu ya kwanza ya umbali ilitoka na vilima kwenye mita 10, 20 na 30, maana tulikuwa tunakisia umbali kwa macho, kwa makumi (aibu yangu hiyo). Tena niliingiza umbali wa kutoka niliposimama hadi kwa mnyama, badala ya wa kutoka kwenye mstari. Bahati nzuri niliandika pembe kati ya mstari na uelekeo wa kila mnyama, nikazidisha umbali kwa sini ya pembe hiyo, ikakaa sawa.

Bado sijafikisha zile mara 60 hadi 80 za kuwaona zinazoshauriwa. Mwezi ujao narudi, safari hii na kipimo cha leza. Aliyeniambia nikate kwenye data asilimia 5 ya walioonekana mbali zaidi, asante sana, mkunjo wa grafu umetulia.