Pasaka ya Kiyahudi Nakuru 🍇 (kikundi cha familia na marafiki)

JUMAPILI

Mama Yael: Shalom nyote. Pasaka inaingia Jumatano jua likizama na mpaka sasa sijui nitalaza watu wangapi. Kwa Sederi, mlo wetu wa usiku wa Pasaka, hatuhitaji watu kumi kama kwenye sala, kwa hivyo msiogope uchache wetu. Ninachotaka ni hesabu ya magodoro. Alhamisi na Ijumaa ni sikukuu, halafu Sabato inaunganisha. Ukiingia kwangu Jumatano hutoki hadi Jumamosi usiku.

Naomi (Nairobi): Mimi nipo. Ila nauli ya Nakuru imeshapanda kwa sababu ya Ijumaa Kuu 😩

Mzee Yosefu: Wenye matatu hawajali ni Pasaka ya nani.

Shadraki (Eldoret): Sisi watatu: mimi, mke wangu na kijana. Kuku nimeshawachinja mwenyewe na kuwatia chumvi, wanakuja kwenye barafu.

Mzee Yosefu: Shadraki bado unalinda shamba la Uasin Gishu? Waingereza walitaka kutupa sisi Wayahudi ardhi hiyo 1903, Kongamano la Wazayuni, waliokuwa wakitafuta nchi ya Wayahudi, likakataa 1905.

Shadraki: Nalilinda Mzee. Wakibadilisha nia wanikute na hati 😂

Mama Yael: Kijana wako ndiye atauliza yale maswali manne ya mtoto kwenye Sederi. Yael amekataa, eti sasa ni mkubwa.

Shadraki: Kiebrania chake bado kinachechemea.

Mzee Yosefu: Aulize kwa Kiswahili. Yale maneno ya mwanzo ya kumkaribisha kila mwenye njaa yaliandikwa kwa Kiaramu ili watu wa nyumbani waelewe. Mtoto akiuliza kitu asichokielewa, tutamjibu nini?

Dani (Arusha): Shalom jamani. Mimi na dada yangu tunavuka Namanga kesho alfajiri. Nimepata zabibu mbichi za Dodoma, kreti mbili. Tukamue wenyewe, kila mtu apate vikombe vyake vinne vya Sederi.

Mama Yael: Dani ubarikiwe! Kwa bei ya chupa moja ya divai ya kosheri (halali kwetu Wayahudi) hapa nanunua kuku na chenji inabaki.

Naomi: Sasa hiyo itakuwa divai ama juisi?

Dani: Kwa siku mbili tatu ni juisi tu, dada. Juisi ya zabibu inafaa kwa vikombe vinne. Wapenda kilevi wavumilie.

Baba Yael: 😔

Mzee Yosefu: Sasa unga. Wa dukani sitaki kuuona. Kiwandani wanalowanisha ngano kabla ya kusaga ili ganda litoke vizuri. Ngano ikishaguswa na maji ikakaa, hiyo si ya matsa tena, mkate wetu usiochachuka. Nimenunua ngano kavu na kuipeleka posho mill hapa kijijini. Nimelipa kwanza mashine ifunguliwe na kupanguswa yote.

Naomi: Hawakukushangaa?

Mzee Yosefu: Kijana wa mashine aliniuliza kama naoza binti.

Mzee Yosefu: Mama Yael, maji uteke kesho jioni, yalale kwenye jerikeni safi mahali pa baridi. Usichote kwenye lile tangi la juu ya bati, linapigwa jua mchana kutwa. Tunaoka Jumanne asubuhi.

JUMATATU

Shadraki: Swali la kila mwaka: ugali?

Naomi: Mimi nafuata desturi ya Kiashkenazi, ya Wayahudi wa Ulaya. Siku zote nane sili mahindi, mchele wala maharagwe. Lakini msinipikie kando jamani, viazi vinanitosha.

Shadraki: Kwetu Nabugoye, Uganda, nimelelewa nikila. Zilizokatazwa na Torati zikichachuka ni nafaka tano, na mahindi hayamo. Hata marabi wa dhehebu la Kikonsavativu kule Marekani waliruhusu mwishoni mwa 2015.

Mzee Yosefu: Mahindi yenyewe yametoka Amerika. Musa hakuwahi kuyaona.

Dani: Kwa hiyo Musa hakukataza 😄

Mama Yael: Ngojeni. Nyumba yangu, sufuria zangu. Siku hizo tatu hakuna mahindi, mchele, maharagwe wala karanga mezani. Shadraki hajakosea, asije mtu akasema nimemsahihisha. Ila sitaki mgeni akae kwangu akichungulia kila sahani na kuuliza kuna nini ndani. Tukiwa wengi kila mtu angekuwa na meza yake. Sisi tuna moja. Jumapili ukifika Eldoret songa ugali wako.

Shadraki: Nimekubali mama. Tutakula viazi kama watu wa Nyandarua.

Mzee Yosefu: Unasema kama ni adhabu. Magunia mawili yako njiani.

Naomi: Mboga chungu naleta saladi kutoka Nairobi, ile ndefu. Nitaiosha majani moja moja, msiniulize kuhusu wadudu.

Dani: Haroseti, ule mchanganyiko mtamu wa Sederi, niachieni mimi. Tende, korosho, ndizi kidogo, mdalasini. Na nyama je? Tuchome mbuzi?

Mzee Yosefu: Usiku wa Sederi hatuchomi, isije ikaonekana tumejitolea sadaka ya Hekalu hapa Nakuru. Kuku wachemshwe.

Baba Yael: Hakuna bia, hakuna nyama choma. Nimeelewa utumwa wa Misri.

JUMANNE

*Mama Yael amemwongeza Bw. Salim*

Mama Yael: Karibu Bw. Salim. Jamani, huyu ni jirani yangu, mlango wa pili. Ndiye mnunuzi wa chachu yetu mwaka huu, yaani vyakula vya ngano ambavyo hatuwezi kuvimiliki wakati wa Pasaka.

Bw. Salim: Asanteni. Habari zenu. Nimetuma arubuni shilingi mia kwa M-Pesa, na ufunguo wa stoo ninao. Humo nimeona unga wa ngano, tambi, biskuti na ngano ya kuku.

Mama Yael: Bia sikuiweka kwenye orodha kwa heshima yako. Baba Yael ameambiwa aimalize leo.

Baba Yael: Natii.

Bw. Salim: Nina swali, msinicheke. Huu ni uuzaji wa kweli ama ni wa kuigiza? Maana mke wangu ameuona ule unga.

Mzee Yosefu: Ni wa kweli kabisa Bw. Salim. Mali ni yako, stoo tumekukodisha. Pasaka ikiisha, Alhamisi ya wiki ijayo usiku, ukilipa salio unabeba. Usipolipa tunanunua tena kwako.

Bw. Salim: Kwa hivyo nikipika mandazi Ijumaa, nakula changu.

Mama Yael: Halali yako. Ila usituonjeshe 😅

Dani: Taarifa kutoka jikoni. Dakika 18 tangu maji yaguse unga hadi matsa iive, na Mzee ameshika saa kama refa. Dada anakanda, Mama Yael anasukuma, mimi natoboa kwa uma, Baba Yael yuko kwenye karai. Mkono ukisimama kidogo tu unaitwa jina.

Dani: Kundi la kwanza, moja ilijikunja katikati, pale kwenye mkunjo ikabaki mbichi. Mzee ameitoa hadi nje ya geti. Kundi la pili safi. Zimeungua kingo, zinavunjika kwa mlio.

Naomi: Nasikia harufu hadi huku.

Mzee Yosefu: Leo usiku tunatafuta chachu kwa mshumaa, watoto wafiche vipande kumi vya mkate na WAKUMBUKE WALIPOVIFICHA. Kesho mwisho wa kula mkate saa nne na nusu asubuhi, kuchoma kabla ya saa tano na nusu. Mishna, kitabu cha kale cha sheria zetu, inahesabu saa kuanzia jua linapotoka, kama sisi tu. Wenzetu wa Ulaya wanatafuta majedwali.

Mama Yael: Chemli kubwa nimejaza mafuta. Sikukuu tunapika lakini hatuwashi moto mpya, tunachukua kwenye moto uliopo. Hiyo taa asiiguse mtu. Na matsa moja na yai la kuchemsha nitaweka kando kesho kabla ya jua kuzama, ndio turuhusiwe Ijumaa kupikia Sabato. Naomi, yai hilo si la kifungua kinywa, nakujua.

Shadraki: Kesho kwenye Sederi nitaomba nafasi nisimulie ya nyanya yangu. Amin alipopiga marufuku dini yetu, waliobaki walisali kwa kujificha. Kampala ilianguka 11 Aprili 1979. Jioni hiyohiyo ndiyo iliyokuwa usiku wa Sederi.

Dani: Na walioingia Kampala walikuwa vijana wetu wa JWTZ, jeshi la Tanzania, pamoja na Waganda. Sikujua kabisa kama ulikuwa usiku huo.

Mzee Yosefu: Nafasi unayo. Isimulie kabla ya chakula, watoto wakiwa bado macho.

JUMATANO

Naomi: Niko Naivasha, mvua kubwa. Saladi iko salama mapajani.

Mama Yael: Mishumaa saa kumi na mbili na robo. Simu zinazimwa. Bw. Salim usishangae tukinyamaza. Heri ya Pasaka wote!

ALHAMISI

Bw. Salim: Habari za asubuhi majirani. Jana saa tano usiku nimeona mlango wenu wazi na mvua inanyesha. Nikajua ni wezi, nikatoka na rungu. Nikasikia mnaimba. Kuna heri?

IJUMAA

Bw. Salim: Najua hamsomi. Mandazi yametoka vizuri.

JUMAMOSI

Mama Yael: Ndio tunawasha simu, saa moja na nusu. Bw. Salim pole kwa mvua! Tulimfungulia mlango nabii Eliya, ndiyo desturi.

Bw. Salim: Nabii Ilyas? Mngeniambia mapema, ningeweka rungu nikaja kusalimia.

Baba Yael: Mwaka ujao kiti unacho.

Bw. Salim: Na unga wenu nimeutumia kilo mbili. Deni lipo.

Mama Yael: Hesabu ni Alhamisi usiku. Sasa jamani, Jumanne jioni sikukuu inaingia tena kwa siku mbili za mwisho. Matsa zimebaki tisa. Nani atakuwa Nakuru?

Shadraki: Sisi tunarudi Eldoret kesho. Ugali unaniita.

Mzee Yosefu: Mimi sijapata nauli ya bei nzuri. Nipo.

Mama Yael: Basi Jumatatu tunaoka tena. Ngano ipo?

Mzee Yosefu: Ipo. Na gunia moja la viazi halijafunguliwa.