Weusi wa Karibiani na Weusi wa Afrika nchini England: takwimu zinavutana, tuzisomeje?

Kalamu_Nyekundu (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam.

Naandaa makala ya kulinganisha hali ya makundi mawili ya watu Weusi England: wenye asili ya visiwa vya Karibiani na wenye asili ya Afrika. Majedwali ya serikali yenyewe yananichanganya. Shuleni, mwaka wa masomo 2018/19, kiwango cha kusimamishwa kwa muda kilikuwa 10.37 kwa kila wanafunzi 100 Wakaribiani, na 4.13 kwa Waafrika. Kwenye mitihani ya GCSE (ya watoto wa miaka 16 hivi) Waafrika wanacheza karibu na wastani wa taifa, Wakaribiani wako chini yake.

Ukihamia kwenye makazi, kibao kinageuka. Takwimu za 2016–18 zinasema asilimia 40 ya kaya za Wakaribiani zinaishi kwenye nyumba zao wenyewe, za Waafrika asilimia 20, na Wazungu Waingereza 68. Kwenye mali ni vilevile: ripoti ya 2020 ya Runnymede Trust, taasisi ya utafiti wa usawa wa rangi, ilikadiria kwamba kwa kila pauni 1 ya kaya ya Mzungu Mwingereza, kaya ya Mkaribiani ina kama peni 20 na ya Mwafrika kama peni 10.

Sasa hapo nani yuko mbele? Mijadala mingi inaishia kwenye "utamaduni": Wanigeria wanapenda shule, Wajamaika wanapenda hiki na kile. Nataka hesabu inayosimama. Nianzie wapi, na nitumie majedwali gani?

---

Mzee_wa_Jedwali

Mkuu, anza na umri na mwaka wa kufika. Kabla hujaweka hivyo viwili usiandike hata sentensi moja kuhusu utamaduni.

Wakaribiani walianza kuingia kwa wingi baada ya meli ya Empire Windrush kutia nanga Tilbury, Juni 1948. Shirika la usafiri la London Transport lilianza kuajiri watu kutoka Barbados mwaka 1956, kisha sheria ya uhamiaji ya 1962 ikabana mlango. Waafrika wengi waliopo leo, au wazazi wao, wamefika kuanzia miaka ya 1990. Sensa za England na Wales zinaonyesha: 2001 Wakaribiani walikuwa karibu 564,000 na Waafrika 480,000, 2021 Wakaribiani 623,000 hivi, Waafrika wakakaribia 1,490,000. Kundi moja limesimama palepale na kuzeeka, jingine limezidi mara tatu kwa miaka 20. Mwaka 2011 umri wa kati wa Wakaribiani ulikuwa 40, wa Waafrika 28.

Nyumba hununuliwa na mtu aliyefanya kazi miaka mingi. Tena familia iliyofika 1958 ilikuta bei za chini mitaa ya London kama Brixton, na benki zilipowakatalia mikopo, wengi walichangishana amana kwa upatu wao unaoitwa pardner. Halafu sheria ya makazi ya 1980 ikawaruhusu wapangaji wa halmashauri kununua nyumba walizokaa kwa punguzo la asilimia 33 hadi 50. Aliyeshuka Heathrow mwaka 1999 alikuta nyumba za halmashauri zimeshauzwa kwa wingi na bei ya London imepaa.

Namna ya kutenganisha umri na mengine ni hii. Namba ni za mfano tu, ili uone mashine inavyofanya kazi:

Kundi A (vijana wengi): kaya za miaka 25–44 ni asilimia 75, za 45 na zaidi ni 25. Wamiliki ni asilimia 20 kwa vijana na 45 kwa wakubwa. Jumla: 0.75×20 + 0.25×45 = 26.25.

Kundi B (wazee wengi): vijana 35, wakubwa 65. Wamiliki ni 22 na 50. Jumla: 0.35×22 + 0.65×50 = 40.2.

Pengo ghafi ni pointi 13.95. Chukua wastani wa mizani ya makundi yote mawili (vijana 0.55, wakubwa 0.45) uzidishe na tofauti ya viwango ndani ya kila rika: 0.55×2 + 0.45×5 = 3.35. Kinachobaki, 10.6, ni umri mtupu. Yaani robo tatu ya "tofauti ya makundi" ilikuwa tofauti ya miaka ya kuzaliwa. Mbinu hii aliiweka mtaalamu wa takwimu za watu Evelyn Kitagawa mwaka 1955 na inafanyika kwenye karatasi ya hesabu ya kompyuta, huhitaji programu maalumu. Ukitaka kuingiza elimu, kazi na mkoa kwa pamoja, tumia ya wachumi Oaxaca na Blinder (wote wawili 1973), lakini ile inadai data ya mtu mmoja mmoja.

Kosa la kawaida: watu husawazisha (yaani hulinganisha watu wa hali moja) kwa marika mapana mno. "Miaka 45 na zaidi" inamchanganya wa 46 na wa 80. Tumia marika ya miaka mitano au kumi. Kosa jingine ni kutumia umri wa kila mtu wakati umiliki wa nyumba unapimwa kwa kaya. Chukua umri wa yule anayewakilisha kaya.

---

BintiPate

Naongezea kuhusu visanduku vyenyewe vya asili kwenye fomu ya sensa, maana hapo ndipo wengi huanguka kabla hata ya hesabu.

1. Usitumie nchi ya kuzaliwa badala ya asili. Sensa ya 2001 ilihesabu karibu watu 130,000 Uingereza waliozaliwa Kenya. Sehemu kubwa sana ya hao ni Wahindi waliohama mwishoni mwa miaka ya 1960, pamoja na Wazungu waliozaliwa enzi za ukoloni. Uganda ni hivyohivyo kwa sababu ya 1972, alipowafukuza Idi Amin. Mtu akichukua mapato ya "waliozaliwa Kenya" akayaita mapato ya Wakenya Weusi, anapima maduka ya Wahindi wa Leicester bila kujua. Na nchi ya kuzaliwa haiwaoni watoto waliozaliwa hapohapo Uingereza, ambao kwa Wakaribiani ndio wengi.

2. "Mwafrika Mweusi" si kundi moja. Ndani yake yumo daktari wa Lagos aliyeingia kwa viza ya kazi na mama wa Kisomali aliyekimbia baada ya serikali kuanguka 1991. Wastani wa hao wawili haumwelezi yeyote kati yao. Sensa ya 2021 iliruhusu watu kuandika asili yao chini ya kisanduku cha Afrika, na jedwali TS022 (la kawaida ni TS021) linatoa Wasomali, Wanigeria, Waghana na wengine. Tahadhari: aliyetia alama bila kuandika kitu amebaki kwenye "Afrika" ya jumla, kwa hiyo idadi ya Wanigeria pale ni ya walioandika tu.

3. Kisanduku cha Karibiani kinavuja. Mwaka 2021 waliojiandika mchanganyiko wa Mzungu na Mkaribiani walikuwa karibu 513,000, idadi inayokaribia ya Wakaribiani wenyewe. Wajukuu wa Windrush wanahamia kisanduku kingine. Ukipima "Wakaribiani vijana" unapima waliobaki, si kizazi kizima. Fanya hesabu mara mbili, bila wale mchanganyiko na pamoja nao, kisha toa zote mbili.

4. Scotland ilifanya sensa yake 2022, na huko Mwafrika ana sehemu yake tofauti na ya Karibiani. Usijumlishe na ya England na Wales ukaiita "Uingereza 2021".

Kwa wanaotaka kuiga zoezi hili nyumbani: Kenya wanauliza kabila kwenye sensa, Tanzania haijauliza tangu 1967. Kwa Tanzania utalazimika kwenda kwa mkoa, na mkoa si kabila.

---

Chaki_na_Ubao

Upande wa shule, mambo matatu.

Ile 10.37 uliyoweka ni idadi ya matukio kwa kila wanafunzi 100. Haisemi asilimia ya watoto. Mtoto aliyesimamishwa mara nne anahesabiwa mara nne. Ukiandika "asilimia 10 ya watoto wa Kikaribiani walisimamishwa" umepotosha. Kiwango cha kufukuzwa kabisa (2018/19: Wakaribiani 0.25, Waafrika 0.07, Wazungu Waingereza 0.10) hakina tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, maana ni nadra mtoto kufukuzwa mara mbili mwaka mmoja.

Pili, kila mtu husawazisha umaskini kwa kutumia watoto wanaopata chakula cha bure. Kipimo hicho kina upendeleo kati ya makundi haya mawili hasa. Familia ambayo viza yake inaizuia kupata misaada ya serikali haikuwa na haki ya chakula hicho. Kanuni hiyo ililegezwa kwa muda 2020, na ulegezaji huo ukawa wa kudumu 2022. Familia hizo ni nyingi zaidi upande wa Afrika. Kwa hiyo kwenye data za zamani kuna watoto maskini wa Kiafrika walioandikwa "si maskini". Halafu Aprili 2018 kikomo kiliwekwa kuwa kipato cha kazi cha pauni 7,400 kwa mwaka, na aliyekwisha kupata hakuondolewa, hivyo idadi ilipanda bila umaskini kupanda. Usilinganishe 2015 na 2022 kwa kipimo hiki.

Tatu, kama unaweza kupata data ya mwanafunzi mmoja mmoja, asili huandikwa kwa misimbo: BCRB Karibiani, BAFR Afrika, MWBC mchanganyiko. Baadhi ya halmashauri hutumia misimbo ya ndani zaidi kama BSOM kwa Wasomali na BCON kwa Wakongo. Kuna pia safu ya lugha ya nyumbani, na humo Kiswahili kimegawanywa: cha Barawa, Kibajuni, Kingwana na kinginecho. Hiyo safu ya lugha inasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kwa kiasi fulani inatenganisha aliyefika juzi na aliyezaliwa London ndani ya BAFR moja.

---

Kalamu_Nyekundu

Shukrani wakuu, mmenifumbua macho. Swali dogo: nina data ya utafiti wa kaya yenye Wakaribiani 200 na Waafrika 200. Inatosha? Na London niisawazishe?

---

Sampuli_Ndogo

Kwa kaya 200 na kiwango cha asilimia 40, kosa la sampuli ni mzizi wa (0.4×0.6÷200), sawa na 0.035. Zidisha kwa 1.96: pointi 6.8 juu na chini. Kwa tofauti ya makundi mawili ya 200, mfano 40 na 26, inafika pointi 9 hivi. Pengo la 14 linaonekana, la 5 halionekani kabisa. Na kama utafiti ulichagua mitaa kwanza ndipo nyumba, majirani hufanana, kosa linapanuka zaidi. Ukikata kwa marika matano unabaki na kaya 40 kila rika. Hapo usiandike kitu.

Unganisha mizunguko mitatu au minne ya utafiti uleule, lakini hakikisha kaya ileile haijirudii. La sivyo hamia kwenye sampuli ya sensa: ya asilimia 1 iko wazi, ya asilimia 5 unajisajili UK Data Service, hifadhi ya data za utafiti. Majedwali ya bure yako Nomis, tovuti ya takwimu za sensa na ajira, na kwenye tovuti ya ofisi ya takwimu (ONS), ambako unaweza kuunda jedwali lako mwenyewe. Jumla zikikosana kwa watu wawili watatu usishangae: wanatikisa namba ndogo makusudi ili mtu asitambulike.

London: mwaka 2011 makundi yote mawili yalikuwa na asilimia 58 hivi wakiishi huko. Kati yao wenyewe kusawazisha London hakubadilishi sana. Dhidi ya Wazungu Waingereza kunabadilisha mno, kwenye mishahara, bei ya nyumba na hata matokeo ya shule.

---

Ng'amua

Mnasawazisha sana mpaka ubaguzi unapotea. Umri sawa, elimu sawa, kazi sawa, mtaa sawa, kisha mnasema "pengo limekwisha". Kama mtu ananyimwa kazi kwa rangi yake, ukisawazisha kazi umefuta ushahidi.

---

Mzee_wa_Jedwali

Ng'amua ana hoja, na ndiyo sehemu ngumu ya zoezi zima. Kigezo changu: sawazisha vilivyotangulia, usisawazishe vilivyo matokeo. Umri na mwaka wa kufika vilikuwepo kabla ya soko la ajira kumgusa mtu. Cheo cha kazi, mtaa anaoishi na aina ya mkataba ni matokeo ya soko hilohilo.

Elimu iko katikati. Kwa aliyefika na shahada yake kutoka Kinshasa akiwa na miaka 30, elimu ilitangulia, isawazishe. Kwa aliyezaliwa Birmingham, elimu yake imepita kwenye shule zilezile zenye viwango vya kufukuza alivyovitaja Chaki, kwa hiyo ni sehemu ya unachokitafuta. Wagawe: waliofika wakubwa upande mmoja, waliozaliwa huko au kufika kabla ya miaka 10 upande mwingine. Ukilinganisha Waafrika na Wakaribiani waliozaliwa England pekee, unaondoa pia tatizo la viza kuchagua wasomi kwa mzazi mwenyewe, ingawa kwa mtoto athari yake inabaki: mtoto wa mhasibu ni mtoto wa mhasibu hata baba akiwa anaendesha basi.

Na hapo usiishie kwenye shahada. Panga wenye shahada wa kila kundi kwa aina ya kazi. Waafrika waliosoma nje wamejaa kwenye uangalizi wa wazee na usafi, kwa hiyo jedwali la elimu linawapandisha wakati la mishahara linawashusha. Huo mvutano ulioanza nao mada si kosa la takwimu.

Kwenye makala weka safu tatu pembeni kwa pembeni: pengo ghafi, pengo baada ya umri na mwaka wa kufika, pengo baada ya kuongeza elimu kwa waliofika wakubwa. Safu ya nne yenye kazi na mtaa iweke kwenye kiambatisho, na uandike juu yake kwa nini ipo huko. Kama utahitaji kufuata familia kizazi kwa kizazi, ONS wana utafiti wa muda mrefu unaounganisha asilimia 1 ya watu tangu sensa ya 1971, lakini maombi yanachukua muda na kazi inafanyika ndani ya mazingira yao salama, huwezi kuishusha kwenye kompyuta yako. Tuma maombi sasa, uendelee na safu tatu wakati unasubiri.