Kibamba cha mdomo wa msumeno wa meza: nitakichanjaje ilhali bledi inakigusa hata ikiwa imeshushwa?

Randa ya Kisauni
Assalaam aleikum mafundi wenzangu. Nina karakana ndogo hapa Kisauni, na tangu mwaka jana ninatumia msumeno wa meza wa bledi ya inchi 10, yaani milimita 254, kukatia plaiwudi yenye vinia, yaani utando mwembamba wa mbao unaobandikwa juu, kwa ajili ya makabati ya jikoni. Kibamba cha chuma kilichokuja na mashine, kile kinachoziba tundu la meza inapochomoza bledi, kina mdomo mpana wa kupitisha kidole cha shahada. Kwa kuwa meno ya bledi huuma ubao kutoka juu kwenda chini, vinia ya upande wa chini haina kinachoishikilia, na kila nikikata kwa kukingama nyuzi inanyofoka vibanzi. Mteja mmoja amenirudishia milango miwili kwa sababu hiyo, nami sikuwa na la kujitetea. Kabla ya hapo kipande chembamba cha mvule kilitumbukia kwenye upenyo huo, kikabanwa ubavuni mwa bledi, kisha kikarushwa kikapita karibu na sikio langu.

Nimeamua kujichongea kibamba ambacho bledi yenyewe itakitoboa, ili mdomo ulingane kabisa na njia ya meno. Cha kwanza nilikitengeneza kwa MDF, ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi, wakati wa kaskazi, kikakaa vizuri. Ilipofika masika kikavimba hata nikalazimika kukibandua kwa bisibisi, na ukingo wake ulikuwa kama mkate uliochovywa chai. Cha pili ni cha plaiwudi ya milimita 12. Hiki kimekwama kwa jambo jingine: nikiishusha bledi mpaka gurudumu lisizunguke tena, meno bado yamezidi usawa wa kitako cha kibamba kwa milimita 4 hivi, kwa hiyo kibamba kinabembea juu ya meno. Naogopa kuwasha mashine kikiwa hivyo. Naomba ushauri wenu.

Msasa Mkavu
Waaleikum salaam. Umefanya vyema kuogopa. Njia rahisi ni kufunga kwa muda bledi ndogo ya msumeno wa mkono, ile ya inchi 7 na robo. Hiyo ina milimita 184, hivyo kilele chake kitakuwa chini ya kilele cha bledi yako kwa milimita 35. Kibamba kitakaa, utakitoboa kwa bledi hiyo, kisha utairudisha kubwa. Hakikisha tu tundu la katikati linalingana na ekseli yako, kwa maana mashine nyingine huchukua milimita 30 na nyingine inchi 5/8.

Mzee wa Changamwe
Ndugu Msasa, njia hiyo ninaifahamu, ila ina mtego ambao hukuutaja. Bledi nyingi za msumeno wa mkono ni nyembamba, njia yake haifiki hata milimita 2, ilhali bledi nzito ya inchi 10 huacha njia ya milimita 3.2 hivi. Kijana wetu akishatoboa kwa nyembamba na kuirudisha nene, meno ya nene yatagota kwenye kingo za ule mwanya, na kibamba kitabembea kama mwanzo. Njia hiyo inafaa pale tu bledi ndogo inapokuwa na unene sawa na kubwa.

Mimi humega upande wa chini. Kigeuze kibamba, uchore mstari wa bledi, kisha uchimbe kwa rauta, mashine ya kuchimbia mifereji kwenye mbao, mfereji wa kina cha milimita 6 na upana wa milimita 8. Huhitaji kuuendesha urefu wote. Bledi ya milimita 254 inayozidi kwa milimita 4 hugusa kitako kwa urefu wa milimita 63 hivi, kwa hiyo mfereji wa milimita 80 unatosha. Juu zitabaki milimita 6 za plaiwudi nzima, na hizo ndizo zitakazobana njia ya meno. Asiye na rauta achimbe kwa patasi. Hapaonekani na mtu.

Unapotoboa, usikishike kibamba kwa mkono hata kidogo. Sogeza fensi, ule mwongozo wa kuegemezea ubao, mpaka ikalie ukingo wa kibamba pasipo kuvuka mstari wa bledi, uikaze kwa klampu, simama pembeni, washa, kisha upandishe bledi polepole kama mtu anayeteka maji kwenye kisima kirefu. Ukisikia mota inalemewa, pumzika kidogo.

Mbambakofi
Nami niseme juu ya malighafi. MDF mbichi kwa hewa ya Mombasa ni kujitafutia kazi ya pili. Ukiipenda, ipake vanishi pande zote pamoja na kingo, maana ni kwenye kingo ndiko inakonywa unyevu. Plaiwudi uliyochagua ni bora zaidi. Mimi natumia ile plastiki nyeupe ya mbao za kukatia nyama: hainywi maji, ubao unateleza juu yake, na bledi haiioni. Ubaya wake ni kwamba hulegea ikipata joto, kwa hiyo ikiwa nyembamba hupinda katikati. Wengine watakuambia utumie mbambakofi, mti uliochongewa milango ya Mji wa Kale. Mimi hata jina nimejiita hivyo, lakini siwezi kuupeleka ukatobolewe chini ya bledi.

Randa ya Kisauni
Nashukuru sana. Mzee wangu, na kile kisu kinachosimama nyuma ya bledi nikifanyeje? Mwanya wa bledi haukifikii, na nimewaona mafundi wanaokiondoa moja kwa moja.

Mzee wa Changamwe
Usikiondoe, mwanangu, isipokuwa wakati wa kutoboa tu. Kisu hicho ndicho kinachozuia ubao usijibane nyuma ya bledi ukarudishwa kwako kwa nguvu. Ukishatoboa, chomoa waya wa umeme, urefushe mwanya kuelekea nyuma kwa jigsoo, kisha ukirudishe. Halafu weka skrubu ndogo nne kwenye pembe za kibamba za kukisawazishia: mbele kishuke chini ya meza kwa unene wa karatasi, nyuma kiwe sawa na meza, ili ubao usijikwae ukiingia wala ukitoka.

Msasa Mkavu
Nakubali kosa langu, Mzee. Niongeze moja: ukiinamisha bledi kwa nyuzi 45, chonga kibamba kingine. Ukitumia hichohicho utakipanua, urudi ulikotoka. Pia kwa vinia tumia bledi ya meno 60 au zaidi. Ya meno 24 itanyofoa hata juu ya kibamba kizuri.

Randa ya Kisauni
Nimefuata njia ya mfereji, na leo asubuhi nimekata milango minne. Upande wa chini nimeupitisha ukucha, haukukwama popote. Jambo moja limebadilika: unga ambao zamani ulishuka kwenye sanduku sasa unarushwa juu, kwa hiyo nimetoboa matundu matano ya milimita 8 upande wa kushoto wa bledi ili kifyonza vumbi kipate pumzi. Vipande vyembamba havitumbukii tena. Nyuma ya kibamba nimeandika kwa kalamu ya wino: «meno 60, wima».