Mrejesho: ile bustani ya Moshi ya mimea ya asili

Wakuu salama, niliuliza nipande nini cha asili mbele ya nyumba hapa Moshi maana ukoka ulikuwa unakauka kila Januari na bili ya maji inanitoa jasho. Basi uzio wote nimeweka masale, ile mimea ya majani marefu ya Wachaga, nilikata tu vipande kwa mama mkwe Kibosho nikachomeka masika ilipoanza na karibu vyote vimeshika, hela sijatoa hata mia. Mti wa mringaringa upo kwenye kona mbali na ukuta, unatanuka ule, si ndo wanawekea kahawa kivuli huko juu mlimani. Aliyeshauri mti wa msesewe, asante mkuu, ila ule unapenda kando ya mto na kwangu pakavu, nimeuacha, mzee kanuna alishahesabu magome yake ya kutia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi 😂