Tupeane uzoefu: waya au Wi-Fi kwenye ofisi za nyumba za mawe

FundiShangani: Assalaam alaykum jamaa. Mnaofunga mitandao kwenye ofisi za Mji Mkongwe, tupeni mnayoyajua. Naanza mimi. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa huweza kufika unene wa nusu mita, tena hushika unyevu, na maji ndiyo yanayomeza Wi-Fi. Mawimbi ya 5 GHz aghalabu huishia chumba kile kile, ya 2.4 GHz huvuka ukuta mmoja, wa pili kwa shida. Kabla hujanunua kitu, washa ruta pale unapokusudia kuiweka, funga milango yote, zunguka na simu yenye programu ya kupima mawimbi. Penye -67 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi, kikikaribia sifuri ndiyo bora) hata mkutano wa video utakwenda. Ikishuka hadi -80, hapo pahesabu hamna kitu.

MwanaWaWete: Wa alaykum salaam kaka. Kwa hivyo waya upande ghorofa zote, Wi-Fi ije juu yake. Nunua waya wa mtandao aina ya Cat6, wa shaba tupu. Ikwaruze kwa kisu: ikiwa nyeupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, irudishe dukani. Hiyo hukatika kwenye plagi, na ikipitishiwa umeme wa kuwasha kisambazaji cha Wi-Fi hupata moto. Kutoka swichi ya mtandao (kisanduku kinachounganisha nyaya zote) hadi kompyuta isizidi mita 100, nyaya fupi za mwisho zikiwemo. Iachane na nyaya za umeme kama sentimita 20. Zikilazimika kukutana, zikatizane kwa pembe mraba.

BintiMalindi: Ndugu zangu, kazi kubwa ipo kwenye kutoboa. Drili ikiwekwa kwenye kugonga, chokaa ya zamani huanguka bamba zima. Zungusha bila kugonga, anza na biti ya drili ya milimita 6, kisha panua taratibu. Boriti msiziguse kabisa, ndizo zilizobeba dari! Tafuteni kwanza tundu zilizopo, za mabomba na za nyaya kuukuu, au pandisheni waya kwa kufuata ngazi za nyumba. Tundu jipya lizibwe kwa chokaa na mchanga. Saruji huufungia unyevu ndani, na baada ya muda plasta ya pembeni hubambuka. Kama waya utaonekana nje, pateni kwanza kibali cha mamlaka ya Mji Mkongwe. Huu ni urithi wa dunia tangu 2000.

FundiShangani: Kweli dada. Nyumba yenye ua wa ndani ni neema: kisambazaji kikifungwa barazani ghorofa ya kati, kikatazama uani, mawimbi huingia vyumbani kwa madirisha. Kwa 2.4 GHz tumieni chaneli 1, 6 au 11, upana 20 MHz, ambazo haziingiliani, maana vichochoro ni vyembamba na Wi-Fi ya jirani inaingia ndani. Vile vidude vya kurudia mawimbi viacheni. Chenye redio moja hukata kasi karibu nusu.

MwanaWaWete: Na chumvi ya bahari msiisahau. Meno ya plagi hushika kutu ya kijani, laini ikawa inakatika na kurudi, watu wakalaumu ruta. Chagueni plagi zilizopakwa dhahabu, na matundu ya swichi yasiyotumika yawekewe vifuniko. Majengo mawili yaunganisheni kwa faiba, waya wa nyuzi za kioo. Shaba ikipita nje hukaribisha radi. Waya unaotoka nje uninginie kidogo chini ya tundu kabla ya kuingia, ili maji ya masika yadondokee hapo.